Refa wa video hakuulizwa hilo swali

Ndugu Mhariri,

Salamu kwako na kwa dawati zima la michezo. Nimesoma ile habari yenu ya Jumatatu kuhusu raga ligi ya Uingereza, ile inayosema refa wa video, yule anayetazama marudio ya picha, alikuwa amelala alipolikataa bao la winga, na nilivyofika mstari wa pili tu nikajua mmeichota wapi, mmeichota kwa wachambuzi wa TV, maana hata mimi usiku ule nilikuwa nimekaa mbele ya skrini na nikawasikia kwa masikio yangu wakilalamika hivyohivyo karibu robo saa nzima, mpaka mechi yenyewe wakaisahau. Nikasema hapana, leo naandika.

Kwanza nijieleze kidogo msije mkasema huyu naye katokea wapi. Naishi Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, mwaka wa tisa huu, na huku raga ya watu si ile ya wachezaji 15 mnayoijua wengi wenu, ni ile ya wachezaji 13, ndiyo raga ligi yenyewe. Ilianza 1895 kwenye hoteli moja inaitwa George pale Huddersfield, klabu za kaskazini zilipogombana na wakubwa wa raga waliokuwa hawataki kusikia habari ya kuwalipa wachezaji fidia ya zamu wanazokosa kazini. Wachezaji wenyewe walikuwa watu wa migodini na viwandani, Jumamosi ukienda kucheza mshahara unakatwa. Mimi nami ni mtu wa zamu, hiyo hadithi iliponifikia ilinikaa, na mchezo nikaupenda kabla hata sijauelewa.

Haya, tuje kwenye tukio. Timu sitazitaja maana ugomvi wangu si wa timu. Winga kapokea mpira, kakimbia pembeni kabisa mwa uwanja, beki kamjia kwa pembeni, winga karuka, mwili wote uko hewani juu ya chaki, mkono mmoja umenyooka na mpira unagonga chini pale kona. Kwenye raga ligi hiyo inaruhusiwa kabisa, unaweza ukawa unaelea nje ya uwanja kama ndege ilimradi hujagusa mstari wala ardhi ya nje kabla mpira haujatua ndani. Refa wa uwanjani akapiga kipenga, akachora ule mraba hewani kwa vidole, ishara ya kuita video, na akasema kwenye maiki, sisi wote tukisikia, kwamba yeye kwa jicho lake hiyo si trai, yaani si bao la kugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa goli, naomba uniangalizie.

Hapo, Mhariri, ndo pana kila kitu, na hapo ndo wachambuzi wanaparuka kila wiki. Refa wa video akishapokea hiyo kauli haulizwi tena wewe ungeamuaje. Anaulizwa kitu kimoja, je una ushahidi wa kutosha wa kupindua alichosema mwenzako aliye uwanjani? Kama hana, uamuzi wa uwanjani unabaki, hata kama moyoni anahisi ilikuwa trai. Zamani Australia walikuwa na utaratibu mwingine, shaka yote ilikuwa inaenda kwa timu inayoshambulia, wakauacha. Sasa mtu anakuja studio anasema mimi kwa maoni yangu ile ni trai, sawa kaka, maoni yako mazuri, ila umejibu swali ambalo refa wa video hakuulizwa.

Siku ile walikuwa na kamera mbili za maana. Moja ya nyuma ya goli inaonyesha mpira vizuri sana, unauona unagusa nyasi, ila miguu ya winga haimo kwenye picha. Nyingine ya pembeni inaonyesha kiatu kinakwangua karibu na chaki, ila mpira umefichwa na mgongo wa beki. Ili uamue lazima uzioanishe hizo picha mbili, ujue kiatu kilikuwa wapi wakati uleule mpira unatua. Refa wa video alizirudia zote mbili mara tano au sita, mbele nyuma, mbele nyuma, na akasema hana cha kutosha, uamuzi unabaki si trai. Studio wakatuonyesha hiyo moja ya nyuma ya goli tu, wakachora duara jekundu kwenye mpira, wakaigandisha, wakasema tazameni, jamani tazameni wenyewe! Kiatu hawakukigusa kabisa. Hata kwa bahati mbaya hawakukigusa.

Na hiyo kugandisha picha nayo ina mambo yake. TV za huku kwa kawaida zinapiga picha 50 kwa sekunde. Winga wa raga akiwa spidi anakwenda mita 8 kwa sekunde, fanya hesabu mwenyewe, kati ya picha moja na inayofuata kashasogea sentimita 16, na mpira uliopigwa kwa mguu ukienda mita 20 kwa sekunde unasogea sentimita 40. Chaki yenyewe ina upana gani? Kwa hiyo mchambuzi akisema ngoja nisimamishe hapahapa mpira unapogusa, mara nyingi huo wakati wenyewe haumo kwenye mkanda, upo katikati ya picha mbili na hakuna aliyeupiga. Kuna kamera za spidi kubwa zaidi, ndiyo, lakini hazipo kila kona ya kila uwanja.

Marudio ya taratibu ndo balaa jingine, hasa kwenye kuangushana kwa juu, yale ya bega kugonga kichwa. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walichapisha utafiti kwenye jarida la sayansi la PNAS wakionyesha kwamba mtu akitazama tukio kwa mwendo wa taratibu anaona aliyefanya alikusudia zaidi kuliko akilitazama kwa mwendo wake wa kawaida. Tukio ni lilelile, spidi tu imebadilika. Sasa studio wanairudisha mara nane kwa mwendo wa konokono halafu wanashangaa kwa nini refa hakutoa nyekundu.

Kuna na pasi ya mbele, ile isiyoruhusiwa kwenye raga. Hii inanichekesha kwa sababu kila wiki mchambuzi anapiga kelele kwamba refa wa video kaona pasi ya mbele kaipotezea, wakati refa wa video haruhusiwi kuamua pasi ya mbele, si Super League ya huku Uingereza si NRL ya Australia. Sababu yake inaeleweka ukikaa ukafikiria, mtu anakimbia mbele kwa kasi anatupa mpira nyuma, mpira ukitoka mkononi unaenda nyuma kweli, lakini ulikuwa unasafiri naye, kwa hiyo ukiupima kwa mistari ya uwanjani utakuta umetua mbele ya pale alipouachia. Ongeza na kamera iliyokaa kwa mshazari, basi jicho linakudanganya kabisa. Ndo maana wakawaachia walio uwanjani. Mchambuzi kacheza mchezo huu miaka 15 na hilo analijua, najua analijua, ila sijawahi kumsikia akilisema wakati kelele imepamba moto.

Sisemi wanyamaze. Mkinisoma hivyo mtakuwa mmenionea. Kuna maamuzi ya video yanayostahili kusemwa, na mengine yanasemwa mpaka leo. Fainali ya Super League ya 1999 pale Old Trafford, St Helens waliwafunga Bradford 8 kwa 6, na Bradford walikuwa wamefunga trai ya Leon Pryce ikafutwa na video kwamba Michael Withers kaugusa mpira ukaenda mbele. Ukikutana na mzee wa Bradford usimtajie hiyo kama unataka muachane salama. Au 2012 Melbourne, mechi ya kwanza ya State of Origin, ile ya majimbo ya Queensland na New South Wales kule Australia, Greg Inglis wa Queensland kaupoteza mpira akiwa anafunga, video ikampa trai kwa hoja kwamba Robbie Farah wa New South Wales aliucheza mpira kwa mguu, Queensland wakashinda 18 kwa 10. Hii ya pili naipenda kuisimulia kwa sababu picha haikuwa na utata wowote, kila mtu aliona mguu na kila mtu aliona mpira umetoka mkononi. Ugomvi ulikuwa sheria inasemaje mguu ukiingia pale. Hapo mchambuzi ana kazi kubwa na nzuri ya kufanya, afungue sheria, asome, aseme naona imetafsiriwa vibaya kwa sababu moja mbili. Huo ni uchambuzi. Kuinua mabega na kusema sielewi tena huu mchezo, hata mimi naweza, na silipwi.

Halafu ile ya Jack Welsby, fainali ya 2020, ilichezwa Hull bila watazamaji kwa sababu ya korona. Wigan na St Helens 4 kwa 4, sekunde zinaisha, Tommy Makinson wa St Helens kapiga drop ya mbali, ile ya kudundisha mpira chini na kuupiga golini, imegonga mlingoti wa goli, mpira umedunda kuelekea nyuma ya mstari, na Welsby mwenzake kauwahi kwa kidole kabla haujatoka. Kimya kile, uwanja mtupu, wachezaji wamesimama mikono kiunoni wanatazama juu kwenye skrini kubwa. Video ikaangalia kama alikuwa nyuma ya mpigaji, ikaangalia mkono, ikaangalia mstari wa mwisho, ikatoa trai, 8 kwa 4, mchezo umekwisha. Bila video refa angeamuaje ile? Angekisia tu. Hiyo siku sikumsikia mtu akiilaani mashine.

Nimesema mashine, na hapa kidogo niwachokoze hao jamaa. Huyu refa wa video aliletwa na nani? Ligi ya Super League ilianza 1996 kwa hela ya TV, pauni milioni 87 kwa miaka mitano, mpaka msimu ukahamishwa kutoka baridi kwenda kiangazi, na refa wa video akaja kwenye mzigo huohuo. Kwa miaka mingi alikuwepo kwenye mechi zinazoonyeshwa TV peke yake, yaani raundi moja, ligi moja, trai ya Alhamisi inachunguzwa kwa kamera na trai ya Jumapili inaamuliwa kwa jicho, mpaka 2024 ndo wakaweka mechi zote. Picha anazotazama ni za kamera za TV. Kwa hiyo mtu wa TV akimcheka refa wa video anamcheka mtoto wa nyumbani kwao, na wahenga walishasema mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Kama pembe ya kuonyesha kiatu haikuwepo siku ile, aulizwe mwenye kamera.

Na kuna hili la nani anakaa studio. Karibu wote ni wachezaji wa zamani, na ni lazima wawe, sipingi. Sam Tomkins kachezea Wigan, Jon Wilkin St Helens, Barrie McDermott Leeds. Ni watu wanaojua mambo na wakichambua mikwaju ya kiungo au mstari wa ulinzi mimi nanyamaza nasikiliza. Lakini hamna refa pale. Kule Australia ni zaidi, Phil Gould anachambua Channel Nine na hapohapo ni bosi wa mpira wa Canterbury Bulldogs. Hebu fikirieni hiyo kofia mbili, anaongelea maamuzi ya ligi ambayo klabu yake inacheza. Simshutumu kitu, pengine ni muungwana kuliko mimi, nasema tu kwamba mtazamaji akumbushwe.

Kocha yeye hana uhuru huo. Agosti 2021 Trent Robinson wa Sydney Roosters aliwaka baada ya mchezaji wake Joey Manu kuvunjwa mfupa wa uso na Latrell Mitchell, na Mitchell kupewa dakika 10 za nje badala ya nyekundu. Robinson aliwasema watu wa Bunker, kile chumba cha Sydney kinachoamua video za NRL tangu 2016, na akapigwa faini ya dola 20,000. Mitchell baadaye akafungiwa mechi 6, kwa hiyo kocha hakuwa mbali na ukweli. Waliosema hayohayo kwenye TV usiku ule walilipwa kuyasema. Mimi hiyo tofauti inanisumbua, ila sijui kama dawa ni kuwatoza wachambuzi faini, nadhani hapana, hiyo ingekuwa kuziba midomo na mambo yangeharibika zaidi.

Kilichowahi kusaidia ni Graham Annesley. Huyu alikuwa refa, akawa waziri wa michezo wa New South Wales, akarudi kuwa mkuu wa mpira pale NRL, na kwa misimu kadhaa alikuwa anakaa na waandishi kila Jumatatu anapitia maamuzi ya wikiendi, hapa tulipatia, hapa tulikosea. Watu walimcheka pia, lakini Jumatatu ilipofika ulikuwa unajua angalau swali lilikuwa nini. Hata lile sekeseke la fainali ya NRL ya 2019, refa Ben Cummins alipopunga mkono kwamba Canberra wanaanza kuhesabiwa upya mara 6, yaani zile mara sita za kuangushwa kabla ya kutoa mpira, kisha akabadili, Jack Wighton akabaki na mpira mkononi akidhani bado ana nafasi, muda mfupi baadaye James Tedesco akafunga na Roosters wakachukua kombe 14 kwa 8, watu kibao walilaumu video wakati lile halikuwa jambo la video kuingilia kabisa.

Nina mzee jirani yangu hapa, anaangalia mchezo huu tangu kabla sijazaliwa, tunatazama kwake kila Alhamisi nisipokuwa na zamu. Msimu uliopita nikamwambia mzee, tufanye hivi, refa akichora ule mraba tu kila mtu anaandika jibu lake kwenye karatasi kabla video haijasema. Trai au si trai, na sababu. Mwanzoni aliona utoto. Sasa ndo anayekasirika nikisahau kalamu. Na ntakwambia kitu, Mhariri, tunakosana sana, mimi na yeye, tumekaa kochi moja tunatazama riplei ileile, na mara kibao tulipokubaliana sote wawili video ikasema tofauti na tulipoitazama tena kwa utulivu tukakuta kuna kidole cha beki hatukukiona. Tangu tuanze huo mchezo mzee kapunguza matusi. Hajaacha. Kapunguza.

Ndo nikawaza, NRL tangu 2020 nahodha akitaka kupinga uamuzi ana sekunde 10 za kuamua, akikosea anapoteza nafasi yake. Kwa nini mchambuzi naye asipewe sekunde 10? Refa akichora mraba, mtangazaji amgeukie, wewe unasemaje, na aseme hapohapo mbele ya watu kabla jibu halijatoka. Ningelipia hata zaidi ya ninavyolipa kuona hiyo.

La mwisho ni la kwangu binafsi. Mwaka jana walikosa mshika kibendera kwenye mechi ya watoto wa miaka 12, wakaniomba, nikakubali kwa sababu nilikuwa nimesimama karibu na kwa sababu nina ujinga wa kutokukataa. Kipindi cha pili mtoto kakanyaga chaki, niliona kabisa vumbi jeupe linaruka, nikainua bendera. Mechi ilipoisha mzazi mmoja akanifuata na simu yake, akaigandisha picha, akainyoosha mpaka usoni kwangu, akasema tazama mwenyewe. Mle kwenye simu mlikuwa na mpira. Kiatu hakikuwemo. Na maneno aliyoyatumia, Mhariri, ni yaleyale ya studio, neno kwa neno, hata ile sauti ya kushangaa. Mtoto wake amesimama pembeni amebeba chupa ya maji anatuangalia.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo tu. Mkiandika tena habari ya mechi hizi, andikeni na refa wa uwanjani alisema nini kwenye maiki kabla ya video, inachukua mstari mmoja, haijazi ukurasa. Na kwa ile ya Jumatatu, alisema si trai.

Ni mimi msomaji wenu,
Yorkshire, Uingereza